Udongo wa Aparecida na nyoka wa Hezekia

Kila mwezi wa Oktoba, katika parokia nyingi za Tanzania na Kenya, sanamu ya Bikira Maria hutembezwa nyumba kwa nyumba na jumuiya ndogondogo. Hulala kwa familia moja, rozari ikasaliwa mbele yake, na kesho yake jioni majirani wakaisindikiza kwa nyimbo hadi nyumba inayofuata. Karibu kila mwaka, msafara huo unapopita, yuko jirani anayesimama barazani kwake na kuuliza kwa sauti ya kusikika: kwa nini mnaisujudia sanamu? Nimelisikia swali hilo tangu utotoni, na nimeona jinsi wanaoulizwa wanavyolijibu kwa haraka mno, sawa na haraka ya yule anayeliuliza. Napenda kulichambua kwa utulivu, kupitia mahali ambapo limekua hadi likawa suala la taifa zima. Mahali hapo ni Aparecida, mji mdogo katika jimbo la São Paulo nchini Brazil, ambako sanamu ya udongo isiyofika hata nusu mita huwavuta mamilioni ya mahujaji kwa mwaka, kilele chake kikiwa tarehe 12 Oktoba.

Kisa chenyewe ni cha mwaka 1717. Dom Pedro de Almeida, gavana wa São Paulo na Minas ambaye alikuwa na cheo cha Conde de Assumar, alikuwa safarini kuelekea kwenye machimbo ya dhahabu, na wakubwa wa Guaratinguetá walitaka kumwandalia karamu. Wavuvi wakatakiwa walete samaki kutoka Mto Paraíba do Sul, ingawa haukuwa msimu wake. Watatu kati yao, Domingos Garcia, João Alves na Filipe Pedroso, walitupa nyavu muda mrefu bila kupata kitu, hata walipofika mahali paitwapo Itaguaçu wavu ukaleta kiwiliwili cha sanamu kisicho na kichwa. Wakautupa tena, ukaleta kichwa. Baada ya hapo, simulizi linasema, samaki wakajaa mitumbwini hadi wavuvi wakaogopa kuzama. Pedroso aliipeleka sanamu nyumbani kwake, kichwa kikaunganishwa na kiwiliwili kwa nta, na kwa miaka mingi majirani wakawa wanakusanyika kwake na baadaye kwa mwanawe Atanásio kusali rozari. Kikanisa cha kwanza juu ya kilima kilifunguliwa mwaka 1745. Wakamwita Aparecida, maana yake yule aliyetokea.

Muujiza wa samaki kila mtu ataupokea kulingana na imani yake, wala sioni haja ya kuutetea hapa. Linalonigusa mimi ni mpangilio wa matukio. Ibada hii haikuanzia kwa askofu wala kwa mfalme. Ilianzia chumbani kwa mvuvi, ikakaa huko karibu miaka thelathini, na Kanisa rasmi likaja baadaye kuikuta. Mwanadamu anayetaka kuielewa Aparecida, awe rafiki yake au mpinzani wake, inampasa aanzie hapo, maana mengi yaliyofuata ni historia ya wakubwa kukitafuta kile ambacho wadogo walikuwa nacho tayari. Binti mfalme Isabel alitoa taji la dhahabu, ambalo sanamu ilivikwa rasmi mwaka 1904. Mwaka 1930 Papa Pius XI alimtangaza Bikira huyo kuwa msimamizi wa Brazil. Mwaka 1980 serikali ikaifanya tarehe 12 Oktoba kuwa sikukuu ya taifa, na siku chache baadaye, tarehe 4 Julai, Papa Yohane Paulo II akalitabaruku basilika jipya, mojawapo ya makanisa makubwa kuliko yote duniani.

Na katikati ya ukubwa wote huo, nyuma ya kioo, imesimama sanamu yenye urefu wa sentimita 36 hivi, ya udongo uliochomwa, iliyofinyangwa katika karne ya 17 kwa mfano wa Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Rangi zake za mwanzo zilipotea mtoni, na moshi wa mishumaa ya watu maskini ukaukoleza weusi wake. Joho la bluu limeifunika hata hujaji haoni zaidi ya uso, viganja vilivyounganishwa na taji, na chini ya joho hilo ndiko liliko shingo lililokatika.

Wanaoipinga ibada hii wana hoja nzito kuliko Wakatoliki wengi tunavyopenda kukiri. Amri katika Kutoka 20 iko wazi: usijifanyie sanamu ya kuchonga, wala mfano wa kitu chochote, usivisujudie wala kuvitumikia. Zaburi ya 115 inasema sanamu za mataifa zina vinywa lakini hazisemi, zina macho lakini hazioni. Isaya, katika sura ya 44, anamweleza mtu anayekata mti mmoja, sehemu yake akaota moto na kuokea mkate, na sehemu iliyobaki akaichonga, akaiangukia na kuiomba imwokoe. Huko Aparecida kuna daraja la waenda kwa miguu lenye urefu wa karibu mita 400, liitwalo Daraja la Imani, linalounganisha basilika la zamani na lile jipya, na kila siku wapo watu wanaolivuka kwa magoti, wengine wakiwa wamejifunga vitambaa magotini, wengine wakishikwa mkono na wajukuu. Msomaji wa Biblia anayemwona bibi mzee akitambaa hivyo juu ya zege, kuelekea kwenye kioo chenye udongo, hahitaji kuwa na chuki yoyote moyoni ili maneno ya Isaya yamjie kichwani.

Jibu la Kanisa Katoliki ni la siku nyingi na linajulikana. Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulitenganisha ibada ya kuabudu, ambayo ni ya Mungu peke yake, na heshima inayotolewa kwa picha na sanamu, ukisema kwamba heshima hiyo haiishii kwenye mbao wala kwenye rangi. Inamwendea yule anayewakilishwa. Katekisimu inalirudia fundisho hilo. Watetezi huongeza kwamba Mungu yuleyule aliyekataza sanamu aliagiza makerubi wa dhahabu wawekwe juu ya sanduku la agano, na katika Hesabu 21 akamwagiza Musa atengeneze nyoka wa shaba, ili kila aliyeumwa amtazame apate kupona. Kilichokatazwa, wanasema, ni kumpa kiumbe nafasi ya Mungu, kwa hiyo si kila sanamu iliyotengenezwa kwa mkono wa mtu imeingia katika katazo hilo.

Nalikubali jibu hili, lakini naona kwamba sisi tunaolitoa huwa tunalikatisha njiani. Habari ya nyoka wa shaba haikuishia jangwani. Ukifungua 2 Wafalme 18 unakuta kwamba mamia ya miaka baadaye mfalme Hezekia alimvunja vipande vipande yule nyoka aliyetengenezwa na Musa, kwa sababu wana wa Israeli walikuwa wakimfukizia uvumba. Akaitwa Nehushtani, yaani kipande cha shaba tu. Kitu kilichoagizwa na Mungu mwenyewe, kikaponya watu kweli, mwishoni kiligeuka tanzi. Andiko hili linawabana wote wawili. Mpinzani linamwonyesha kwamba sanamu inaweza kuwa halali, maana nyoka huyo alikaa karne nyingi bila kuvunjwa wala nabii yeyote kulaumiwa kwa kumwacha. Mtetezi nalo linamwonyesha kwamba uhalali wa mwanzo hautoshi kuwa kinga ya milele, wala tofauti iliyoandikwa na mtaguso haijitekelezi yenyewe kwenye magoti ya watu. Kwa hiyo swali la haki kuhusu Aparecida ni hili: leo hii, mahujaji wanamtazama nani kupitia udongo ule, na wanaotoka pale wanaondoka wakiwa watu wa namna gani?

Mahali pa kwanza pa kutafutia jibu ni Chumba cha Nadhiri, kilicho ndani ya eneo la basilika. Humo huwekwa vitu vilivyoletwa na watu waliotimiziwa maombi yao: miguu, mikono, vichwa na mioyo ya nta, magongo ya waliokuwa hawatembei, sare za kazi, fulana za mpira, na picha nyingi mno zilizofunika hadi dari. Mguu mmoja wa nta, mweupe, wenye vidole vitano vilivyofinyangwa bila ustadi, ni kitu kidogo. Lakini nyuma yake kuna mtu aliyelala na maumivu miezi kadhaa, akaahidi, akapona, na hakutaka kuwa miongoni mwa wale tisa wenye ukoma ambao Injili inasema hawakurudi kushukuru.

Hata hivyo, nadhiri ina sura nyingine. Mtu anaweza kuiweka kama mkataba wa dukani, nipe nami nitakupa, na hapo Mungu hugeuzwa mwenye duka na Bikira Maria akawa karani wake. Hatari hii ipo Aparecida, na Kanisa lenyewe limeikiri kwa jumla: Mtaguso wa Vatikano II, ulipozungumzia ibada kwa Mama wa Mungu, uliwaonya wahubiri na wanateolojia wajihadhari na kuzidisha chumvi, sawa na kujihadhari na ufinyu wa moyo, na Papa Paulo VI mwaka 1975 aliandika kwamba uchaji wa watu una mipaka yake na mara nyingi huingiliwa na upotoshaji, hata ushirikina, ingawa ukiongozwa vyema umejaa thamani. Mapapa hawaonyi juu ya jambo lisilokuwapo. Ni kweli pia kwamba mafuta ya upako, maji ya upako na leso zilizoombewa, zinazouzwa katika baadhi ya mikusanyiko ya wale wanaotushutumu, zimebeba hatari ileile. Lakini kosa la jirani halinisafishi mimi, na sioni fahari kulitumia kama jibu.

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo naiona kali kuliko zote, nayo haitoki katika amri za Musa. Wanasema: ikiwa sanamu ni ukumbusho tu, kwa nini ile? Brazil ina nakala zake katika kila duka la vitu vitakatifu, ndani ya teksi, jikoni, hospitalini. Kama heshima inapita kwenda kwa Maria aliye mbinguni, nakala ya plastiki ingetosha, na hakuna sababu ya kutembea kwa siku kadhaa kandokando ya barabara kuu ya Dutra kutoka jiji la São Paulo, mwendo wa kilomita 170 hivi, malori yakipita kwa kasi ubavuni mwa mtu, ili kufika mbele ya udongo mmoja hasa. Hapo, wanasema, ndipo moyo wa hujaji unapojifichua.

Nimelifikiria jambo hili sana. Jibu ninaloliona ni kwamba binadamu hakumbuki kwa wazo tupu. Katika nyumba nyingi za kwetu kuna kanga ya marehemu mama iliyotunzwa sandukuni, na mtoto wake hawezi kubadilishana nayo kanga mpya ya maandishi yaleyale, ingawa anajua fika kwamba mama hayumo ndani ya kitambaa. Thamani yake ni mgongo alioufunika na watoto waliobebwa nayo. Udongo wa Aparecida umeguswa na Pedroso, umeombewa mbele yake na vizazi zaidi ya kumi, na hujaji anapotembea anajiunga na mstari huo wa watu. Vivyo hivyo wanaotembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania hadi Namugongo kila inapokaribia tarehe 3 Juni hawadhani kwamba Mungu hasikii wakiwa nyumbani. Lakini nakiri kwamba mfano wa kanga haufiki mwisho wa safari, kwa sababu hakuna anayeiomba kanga ya mama imponye. Hujaji wa Aparecida anaomba kuponywa, na anaomba akiwa anakitazama kioo. Hapo katikati, kati ya kumwomba Maria amwombee kwa Mungu na kukiomba kitu chenyewe, kuna uzi mwembamba ambao mimi siwezi kuuona kutoka nje, wala jirani yangu wa barazani hawezi.

Ndiyo sababu nalithamini tukio la mwaka 1978, maana lilikifanya kilichofichika mioyoni kionekane nje. Jioni ya tarehe 16 Mei, ibada ikiwa inaendelea katika basilika la zamani, kijana mmoja aliirukia sanamu, akavunja kioo na kuinyakua. Ikaanguka sakafuni na kuvunjika vipande zaidi ya 150. Kichwa kiliharibika vibaya kuliko sehemu nyingine yoyote. Hebu tulipime tukio hili kwa kipimo cha Isaya. Mwenye kuabudu kinyago, kinyago chake kinapovunjika, ama amepoteza mungu wake, ama analazimika kuficha kwamba kimevunjika. Mapadre wa Aparecida walikusanya vipande na vumbi lake, wakavipeleka kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la São Paulo, MASP, mikononi mwa Maria Helena Chartuni, mtaalamu wa kukarabati kazi za sanaa. Alifanya kazi ya zaidi ya mwezi mmoja, kipande kwa kipande, kwa gundi, na pale ambapo udongo ulikuwa umesagika kabisa akalazimika kuunda upya. Hakuna aliyeambiwa kwamba sanamu imejiunga yenyewe usiku. Nchi nzima ilijua kwamba inarudi ikiwa imegundishwa, na iliporudi tarehe 19 Agosti, umati ulijipanga kando ya barabara ya Dutra kuipokea.

Watu wale walilia kwa ajili ya sanamu, kisha wakaipokea ikiwa na nyufa. Sidhani kwamba waabudu kinyago hufanya hivyo. Tena, tangu siku ya kwanza mtoni sanamu hii haikuwahi kuwa nzima. Ilikuja vipande viwili, na aliyeipata hakuitupa wala hakusubiri fundi wa mjini. Papa Fransisko, alipozungumza na maaskofu wa Brazil mwezi Julai 2013, alikaa sana juu ya jambo hili: kwamba wavuvi walipata kwanza kiwiliwili, kisha kichwa, na kwamba palikuwa na somo kwa Kanisa katika kile kilichovunjika na kuunganishwa.

Mwaka 1995 ulileta jaribio la namna nyingine. Tarehe 12 Oktoba, siku yenyewe ya sikukuu, Sérgio von Helder, askofu wa Kanisa la Universal, kanisa la Kipentekoste la Brazil ambalo lina matawi hata kwetu Kenya, alisimama mbele ya kamera za televisheni na nakala ya sanamu hiyo, akaipiga kwa mkono na kwa mguu huku akiuliza kama Mungu aliyeumba ulimwengu anaweza kulinganishwa na mdoli kama ule. Hasira iliyofuata ilikuwa kubwa, kiongozi wa kanisa lake akalazimika kuomba radhi, na mwaka 1997 mahakama ikamtia von Helder hatiani. Wapo waliosema kwamba hasira ile ndiyo ushahidi: kama ni plasta tu, mbona mnaumia? Naona hoja hii inajipinga. Mtu akiikanyaga picha ya baba yangu mbele yangu, nitaumia, na si kwa sababu naidhani karatasi kuwa baba. Ikiwa tusi linapita kwenye picha na kumfikia mtu, basi heshima nayo inapita njia hiyohiyo, na hilo ndilo Nisea ilisema. Upande wa pili, Wakatoliki waliokwenda kushambulia nyumba za ibada za kanisa hilo walimkosea Mama wa Yesu kuliko alivyomkosea yule aliyepiga plasta, na hilo halikusemwa vya kutosha.

Kuna jambo la weusi wa sanamu hii, ambalo kwa msomaji wa Afrika haliwezi kupitwa. Brazil iliwapokea karibu watu milioni 5 waliotekwa Afrika, wengi kutoka Angola na Afrika Magharibi, na katika karne ya 19 hasa, wengi pia kutoka pwani ya Msumbiji. Mbele ya sanamu hii nyeusi walipiga magoti watumwa na waliowamiliki. Simulizi linalopendwa ni la Zacarias, mtumwa aliyetoroka, akakamatwa, na alipokuwa akirudishwa kwa bwana wake akaomba aruhusiwe kusali mlangoni mwa kikanisa. Minyororo ikakatika na kumwanguka. Kwa Wabrazil weusi, Maria mwenye rangi yao aliyemfungua mtumwa ni hazina ambayo hakuna mhubiri atakayewapokonya kwa kunukuu mstari mmoja. Hata leo, katika sikukuu ya Mtakatifu Benedikto Mwafrika inayofanyika Aparecida baada ya Pasaka, huja vikundi vya ngoma viitwavyo Congada na Moçambique, na wachezaji wa Moçambique hufunga njuga miguuni, njuga kama zile zinazolia katika ngoma zetu. Ukilisikia jina hilo na mlio huo, unajua bahari ipi ilivukwa.

Lakini haki inadai tuseme na upande wa pili. Tangu sanamu ilipopatikana hadi utumwa ulipofutwa tarehe 13 Mei 1888 ilipita miaka 171, na Brazil ilikuwa nchi ya mwisho katika bara zima la Amerika kuufuta. Mashirika ya kitawa yenyewe yalimiliki watumwa. Minyororo ya Zacarias ilianguka, ya mamilioni wengine haikuanguka, na wapo wachambuzi wanaosema kwamba ibada ilimpa mtumwa faraja ya kutosha ili avumilie na bwana wake utulivu wa kutosha ili asibadilike. Siwezi kuikana hoja hii kabisa. Ninachoweza kusema ni kwamba taji lilitoka ikulu, ila weusi wa sanamu ulitoka mtoni na kwenye mishumaa, na watu weusi wa Brazil wamejua siku zote wachague kipi.

Nimefika kwenye suala la sheria, na hapa msimamo wangu unabadilika. Sheria namba 6.802 ya tarehe 30 Juni 1980, iliyotiwa saini na Rais João Figueiredo wakati nchi ikiwa chini ya utawala wa kijeshi, inaitangaza tarehe 12 Oktoba kuwa sikukuu ya taifa kwa ajili ya ibada ya hadhara na rasmi kwa Bikira wa Aparecida. Neno lenye uzito hapo ni “rasmi”. Brazil ilitenganisha dini na dola kwa amri ya Januari 1890, na katiba ya mwaka 1988, katika ibara ya 19, inaikataza serikali kuanzisha dini au kuigharimia. Wakati sheria hiyo inatungwa, karibu watu tisa kati ya kumi walijitambulisha kuwa Wakatoliki. Katika sensa ya 2022 Wakatoliki walikuwa asilimia 56.7, na Waprotestanti na Wapentekoste kwa pamoja asilimia 26.9. Kwa hao wa pili, ambao dhamiri yao inawaambia kwamba sanamu ni machukizo, nchi yao imeandika katika sheria ibada rasmi ya sanamu. Wafuasi wa Candomblé na Umbanda nao, dini za Brazil zenye mizizi ya Kiafrika, ambao baadhi yao humhusisha Bikira huyu na Oxum, mungu wa kike wa mitoni, na ambao walinyanyaswa na polisi kwa miongo mingi, hawana siku ya mapumziko ya taifa zima iliyotengwa kwa ajili ya dini yao.

Watetezi wa sheria husema kwamba Aparecida imeshakuwa utamaduni wa wote, kwamba tarehe hiyohiyo ni siku ya watoto nchini Brazil, na kwamba mfanyakazi anahitaji mapumziko bila kujali imani yake. Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo nayo, mwezi Novemba 2024, ilikubali kwamba alama za dini zinaweza kuwekwa katika majengo ya umma kama sehemu ya historia ya taifa. Hoja hizo zinatosha kabisa kuitetea siku ya mapumziko, ila haziyagusi maneno “ibada rasmi”. Tanzania inapumzika Krismasi na Pasaka, inapumzika Idi na Maulidi, na hakuna popote serikali inaposema kwamba ibada ya siku hizo ni yake. Inawaachia wenye imani siku yao, nayo inakaa pembeni.

Dola inapokumbatia sanamu, wanasiasa nao hufuata. Tarehe 12 Oktoba 2021, Askofu Mkuu Orlando Brandes alihubiri pale kwamba ili nchi iwe nchi inayopendwa haiwezi kuwa nchi iliyojaa silaha, na maneno hayo yakapokewa kama kombora la kisiasa. Mwaka uliofuata, kati ya duru mbili za uchaguzi, Rais Jair Bolsonaro alifika siku hiyohiyo, na baadhi ya wafuasi wake wakawabughudhi hata wanahabari wa televisheni ya basilika, huku mahujaji waliotembea siku kadhaa kwa miguu wakikuta kelele za kampeni mlangoni. Uvumba wa Nehushtani ninaouogopa Aparecida ni huu wa wakubwa. Bibi anayetambaa darajani simwogopi.

Kwa hiyo ningekuwa Mkatoliki wa Brazil, ningekuwa wa kwanza kuomba maneno hayo yafutwe katika sheria ya 1980 na siku ibaki. Hakuna hujaji hata mmoja ambaye angepungua. Waliosali nyumbani kwa Pedroso hawakuwa na kibali cha askofu, waliopanda kilima mwaka 1745 hawakuwa na likizo ya serikali, na wanaolala leo kando ya barabara ya Dutra, wakiwa wamevua viatu na kuyatumbua malengelenge kwa sindano, hawakutoka nyumbani kwao kwa sababu ya namba 6.802.